Dimu na Fulu

Kwanza anaisikiliza. Kabla hajashika bisibisi, kabla hajauliza kama tochi ilianguka au iliingia maji, fundi anatoa betri zote tatu, anazisimamisha mezani, kisha anaipeleka tochi tupu sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Kidole gumba kinaisukuma swichi mbele. Ta. Kinaisukuma tena. Hapa panatakiwa "ta" ya pili, nami nilipoinama niliisikia, ila ilikuwa laini, mfano wa ndara zikikanyaga mchanga. Akairudisha nyuma, akarudia mara nne, mara tano, macho yake yakiwa barabarani kwenye baiskeli zinazopita, maana kazi wakati huo ilikuwa ya sikio.

"Ya kwanza nzima," akasema. "Ya pili inateleza, haikai."

Mwenye tochi alikuwa kijana mvuvi, amekaa kwenye benchi, ndoo yake ya mishipi na ndoana miguuni. Shida yake alishaieleza mara tu baada ya kuitikiwa shikamoo: mwanga mdogo unawaka kama siku zote, lakini mwanga mkubwa umebaki jina. Ukisukuma swichi hadi mwisho, tofauti huioni. Ukiipiga tochi kofi inang'aa kidogo, halafu inarudi kulala. Usiku huo alikuwa anaingia baharini.

Kibanda kiko Ngamiani, mjini Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Meza ya kazi haizidi upana wa mlango. Juu yake pana mita ya kupimia umeme, pasi ya kulehemu iliyolazwa kwenye springi ya waya, chupa ya spiriti, mswaki uliokatwa nywele zikawa fupi na ngumu, raba ya kufutia penseli, kopo la vaselini, na bati la biskuti lililojaa rezista zilizong'olewa kwenye redio zilizokufa. Ukutani zimening'inia tochi zilizosubiri wenyewe mpaka zikapauka. Mafundi wengi waliokuwa wakifanya kazi ya namna hii wamehamia kwenye simu, na siwalaumu, kwa kuwa tochi mpya si ghali. Huyu bado anazipokea. Alinieleza kwamba kazi yake inakwenda na mwezi: mbalamwezi ikikaribia kwisha na giza kuingia, wavuvi wanakumbuka tochi zao, na kwa siku tatu nne benchi halikosi mtu.

Wazee wa hapa bado wanasema kurunzi. Hatua mbili za mwanga, wazee kwa vijana wanaziita kama madereva wanavyoita taa za gari: dimu na fulu. Ila kuna tofauti ambayo fundi anapenda kuifafanua. Katika taa nyingi za gari za zamani, dimu na fulu ni nyuzi mbili zilizokaa ndani ya balbu moja, kila moja na kazi yake. Katika tochi hii taa ni moja tu, kipande kimoja cha LED kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Taa haijui kama iko dimu au fulu. Inapokea umeme inaopewa na kuwaka kadiri ya ulivyo. Tofauti yote iko njiani, kati ya betri na taa, na njia hiyo inachaguliwa na kipande cha shaba kinachotelezeshwa na kidole.

Akaifungua. Skurubu tatu, kila moja ikawekwa kwenye kizibo chake cha soda, vizibo vikapangwa kwa umbo lile lile la matundu zilikotoka. Tumbo la tochi likatoa harufu ya chumvi. Ndani waya ulikuwa mmoja mwekundu, mmoja mweusi, bamba jembamba lenye rezista mbili, na swichi yenyewe, kijisanduku cha bati chenye miguu minne iliyopangwa mstari.

Hiyo miguu minne niliitazama sana, na fundi alipoona ninaitazama akachukua kalamu, akaichora nyuma ya boksi la betri na kuipa namba. Wa kwanza hauna waya, upo tu. Wa pili unakwenda kwenye rezista kubwa. Wa tatu unatoka kwenye betri. Wa nne unakwenda kwenye rezista ndogo. Ndani ya kijisanduku mna ulimi wa shaba wenye vivimbe viwili, na ulimi huo daima unaunganisha miguu miwili inayokaa jirani. Swichi ikiwa nyuma kabisa, ulimi unagusa wa kwanza na wa pili, na kwa kuwa wa kwanza hauna kitu, tochi imezimwa. Sukuma hatua moja: ulimi unagusa wa pili na wa tatu, umeme unatoka kwenye betri na kupita kwenye rezista kubwa, tochi inakuwa dimu. Sukuma tena: wa tatu na wa nne, umeme unapita kwenye rezista ndogo, fulu. Mguu wa betri umewekwa wa tatu makusudi, ili uweze kushikwa kutoka pande zote mbili. Nilikuwa nimetumia tochi za namna hii tangu utotoni na sikuwahi kujua kwamba ndani yake mna mpango mzuri kiasi hicho, unaotimizwa na kipande cha shaba kinachosogea milimita chache.

Rezista ni kizuizi. Ile kubwa ilikuwa na mistari ya buluu, kijivu na nyeusi, na fundi aliisoma kama mtu anavyosoma jina lake: omu 68. Ile ndogo ilipaswa kuwa omu 4.7, njano, zambarau na dhahabu, ila kwa joto la muda mrefu mistari yote ilikuwa imegeuka kahawia. Betri tatu kavu zikipangwa pamoja zinatoa volti 4.5. LED inatosheka na kama 3. Ziada inamezwa njiani, na rezista ndiyo inayoamua umeme kiasi gani upite wakati ziada hiyo inamezwa. Kwenye rezista kubwa zinapita kama miliampia 25. Kwenye ndogo, na betri zikiwa mpya, zinapita zaidi ya 200.

Tofauti ni kama mara nane au zaidi, lakini jicho halihesabu hivyo. Jicho la binadamu linabana mwanga: ukipunguza mwanga mpaka sehemu moja ya kumi, jicho linakwambia umepunguza kama nusu. Ndiyo maana dimu ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Mtumiaji anapoteza nusu ya mng'ao machoni, betri nazo zinaishi karibu mara kumi. Fundi hakulisema kwa namba. Alisema, "Mwanangu, fulu ni ya kuonyesha watu. Dimu ndiyo ya kazi."

Nikakumbuka kandili. Nyumba zetu za pwani zililelewa na taa zenye kipete cha pembeni, ukikizungusha utambi unapanda au unashuka. Usiku mama alishusha utambi mpaka ukabaki mstari mwembamba wa rangi ya machungwa, wa kutosha kumwona mtoto akijigeuza. Tochi ilipokuja ilileta wepesi mkubwa, lakini iliuchukua uwezo huo. Hataza ya tochi ya bomba, umbo tunalolijua leo, ilitolewa Marekani mwaka 1899 kwa mvumbuzi aitwaye David Misell, na betri za wakati huo zilikuwa dhaifu kiasi kwamba mtu aliwasha kidogo, akazima, akasubiri, akawasha tena. Baadaye betri zikapata nguvu, lakini kwa miaka mingi tochi za kawaida zilibaki na maneno mawili tu, washa na zima. Swichi ya hatua mbili, kwa maoni yangu, inarudisha kwenye kidole kile ambacho mama alikuwa nacho kwenye kipete cha kandili.

Turudi mezani. Fundi alizirudisha betri kwa waya za pembeni, akaiwasha tochi ikiwa wazi, dimu, akagusisha ncha mbili za mita kwenye miguu ya swichi, wa pili na wa tatu. Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonifanya nikae mpaka jioni. Swichi nzuri, alinieleza, haitakiwi kula umeme. Ukipima kati ya miguu iliyounganishwa, mita inapaswa kukaribia sifuri. Mita ikasoma volti 0.4. Akasukuma mpaka fulu, akahamisha ncha, wa tatu na wa nne. Ikapanda mpaka 1.2.

"Unaona? Inakula."

Kulikuwa na uchafu ndani ya swichi, na uchafu huo ulikuwa umegeuka rezista ya tatu ambayo hakuna kiwanda kilichoiweka. Kwa hesabu ya mita ulikuwa kama omu 20. Njia ya dimu tayari ina omu 68, hivyo ukiongeza 20 unapunguza umeme kwa kama robo, na jicho halishtuki. Kwenye fulu, ambako njia nzima haina hata omu 10, ishirini za uchafu ni mlima. Umeme ulikuwa umeanguka kutoka miliampia 200 na kitu hadi 60. Ugonjwa ni mmoja, dimu inaubeba kimya kimya na fulu inauanika. Kijana alidhani mwanga mdogo ni mzima na mkubwa ndio mbovu. Vyote viwili vilikuwa vinaumwa.

Kuitoa swichi kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Pasi ilipopata moto aliifuta kwenye sifongo yenye maji, ikatoa moshi mwembamba, akagusa mguu mmoja na kuhesabu kimoyomoyo. Lehemu ya zamani inapozeeka inakuwa ya kijivu na haiyeyuki vizuri, kwa hiyo alianza kwa kuongeza lehemu mpya kidogo, jambo lililonishangaza, mpaka nilipoona mpya inaipa uhai ya zamani na zote mbili zinayeyuka pamoja ziking'aa. Akazinyonya kwa waya uliosukwa wa shaba. Akasubiri mguu upoe kabla hajaenda wa pili. Plastiki iliyo ndani ya swichi ingelainika kwa joto, na ikilainika miguu inapinda, na hapo hakuna tena swichi. Miguu minne, mapumziko manne. Katika mapumziko ya tatu alipokea salamu ya jirani, akamuulizia mgonjwa wake, akajibu vizuri, na mkono wenye pasi haukusogea.

Kisha akachukua mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, akaingiza mikono yote miwili na swichi, na kufungulia humo. Sababu niliiona baada ya muda mfupi. Vijimeno vinne vya bati vilipoinuliwa, kifuniko kikaruka, na springi moja nyembamba kama uzi wa buibui ikagonga ukuta wa mfuko na kutulia. Nyuma yake ikatoka gololi ya chuma ndogo kuliko punje ya mtama. Kwa mtu mwenye haraka, gololi hiyo ingekuwa imeshazama kwenye nyufa za sakafu.

Vikapangwa juu ya karatasi nyeupe: kifuniko, springi, gololi, kitelezi cha plastiki, ulimi wa shaba, kitako chenye miguu. Sita. Kifuniko kwa ndani kina vishimo vitatu, na hivyo ndivyo vinavyosema "ta". Springi inaisukuma gololi juu; kila kitelezi kinapofika mahali pake, gololi inatumbukia kwenye kishimo, na kidole kinajua kimefika. Bila gololi ulimi ungeweza kusimama popote, nusu kwenye mguu na nusu hewani. Na hicho ndicho kilichokuwa kinatokea. Kishimo cha tatu kilikuwa kimejaa mchanga laini uliogandamana na chumvi. Gololi ilikuwa inafika mlangoni na kukosa pa kuingia, swichi inasimama kabla ya mahali pake kwa unene wa kadi ya simu, na ulimi unaugusa mguu wa nne kwa ukingo tu. Ile "ta" laini aliyoisikia kabla ya kufungua chochote ilitoka hapa.

Mguu wa tatu, ule wa betri, ulikuwa na kutu ya kijani. Watu wa pwani wanaijua rangi hiyo. Iko kwenye makomeo, kwenye bawaba, kwenye kila shaba inayolala karibu na bahari.

Nilitarajia achukue msasa. Alichukua raba ya penseli. Akaikata pembe ikawa ncha, akausugua mguu polepole kwa kwenda upande mmoja, akapuliza, akasugua tena. Msasa, alisema, ungemaliza kazi mara moja na kuiharibu kwa muda mrefu, kwa sababu miguu hii imepakwa ngozi nyembamba nyeupe inayozuia kutu, na ngozi hiyo ikitoka, chumvi itarudi baada ya wiki chache na kukuta shaba uchi. Raba inaondoa kutu na kuiacha ngozi. Ilimchukua kama dakika ishirini kwa miguu minne na vivimbe viwili. Baada ya raba, spiriti kwa mswaki. Baada ya spiriti, kipande cha karatasi safi kilichopitishwa juu ya kila mguu na kukaguliwa kama kimebeba weusi. Cha kwanza kilibeba. Cha pili kidogo. Cha nne kilitoka kama kilivyoingia, na hapo ndipo alipoacha.

Vishimo vya kifuniko alivisafisha kwa mwiba wa ndimu. Sindano ingekwaruza, alisema, na gololi inakumbuka kila mkwaruzo.

Ulimi wa shaba ulikuwa umechoka, umelala kidogo kwa sababu ya miaka ya kubanwa. Akaushika kwa kibanio, akaulaza juu ya ukucha wake mwenyewe, akaupinda juu kwa kiasi ambacho sikukiona. Akaujaribu juu ya miguu, akautoa, akaupinda tena. Ukizidi, unakwangua miguu na kidole kinachoka kusukuma. Ukipungua, unagusa bila kubana, na kutu inapata nafasi. Mara ya tatu akaridhika. Nilimuuliza amejuaje. Akanipa kitelezi nikisukume mwenyewe, kabla na baada, na kweli kulikuwa na uzito mpya, mdogo sana, kama tofauti kati ya maji ya kisima na maji ya bahari mkononi.

Vaselini ilipakwa kwa ncha ya njiti, kwenye kishimo na kwenye kingo kinazopita kitelezi, si kwenye miguu. Springi, gololi, kifuniko; vijimeno vinne vikakunjwa kwa mpangilio wa pembe kwa pembe ili bati lisikae upande. Akaipeleka swichi sikioni. Ta. Ta. Safari hii hata mimi niliyekuwa upande wa pili wa meza niliisikia ya pili.

Ile rezista iliyoungua hakuirudisha. Ilikuwa ya robo wati, na kazi iliyopewa ilikuwa inaifikisha karibu na mwisho wa uwezo wake kila mara fulu inapowashwa. Akachimba kwenye bati la biskuti mpaka akapata mbili za omu 10, kahawia, nyeusi, nyeusi, akazilaza bega kwa bega na kuzilehemu pamoja kila ncha. Mbili za 10 zikisaidiana zinakuwa 5, karibu kabisa na ile ya kiwandani, na joto linagawanywa nusu kwa nusu. Hakuna mteja ambaye angemuuliza habari hiyo. Tochi ingewaka hata na ile iliyoungua.

Wakati lehemu inapoa alinionyesha nyingine, ndogo, ya alumini, ya mtu anayewaongoza wageni kwenye mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji kwenye barabara iendayo Horohoro. Nimewahi kuingia humo. Njia zinabana, mawe ya chokaa yanashuka karibu na kichwa, na popo wako juu. Anayeongoza anahitaji dimu ya kuonyesha watu mahali pa kukanyaga, kisha fulu ya mara moja ya kuinulia macho yao kwenye dari, kisha dimu tena. Tochi yake haina kitelezi. Ina kitufe cha mpira mkiani. Ukikibonyeza kidogo, pete ya nje inagusa kwanza, na umeme unapita kwenye rezista iliyofichwa mkiani. Ukizidi kubonyeza, pini fupi ya katikati inafika chini na kufungua njia isiyo na kizuizi. Ile ya kwanza haikatwi. Ipo pale pale, ila umeme mwingi unafuata njia nyepesi.

Fundi aliniwashia zote mbili kwa zamu, ameweka kiganja mbele ya taa. Kwenye ya kitelezi, kati ya dimu na fulu pana kope moja ya giza, kwa kuwa ulimi lazima uache mguu mmoja kabla haujaushika mwingine. Kwenye ya mkiani hakuna giza, mwanga unavimba. Aliirudia mara kadhaa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza msomaji mzuri. Shida ya tochi ile ilikuwa pini fupi kukaa karibu mno, hivyo dimu ilikuwa haipatikani, kidole kikigusa tu tayari ni fulu. Akapima nafasi kwa karatasi ya daftari, kama mafundi wa magari walivyokuwa wakipima platini: karatasi ipite bila kukwama kwenye hatua ya kwanza, ibanwe kwenye ya pili. Ilibidi pini irudi nyuma kwa unene wa karatasi mbili.

Za siku hizi zenye kichipu, ambazo dimu yake inapatikana kwa kuwasha na kuzima taa mamia ya mara kwa sekunde mpaka jicho linadanganyika, anazipokea pia, na anazisifu kwa kutunza betri. Ila kichipu kikifa anakibadilisha chote. Hakuna cha kusugua.

Swichi ikarudi mahali pake, miguu minne, mapumziko manne. Betri ndani. Mita kwenye miguu: dimu, sifuri kwa jinsi mita ile inavyoweza kuona. Fulu, 0.02. Akapima na umeme wenyewe: 25, kisha 210. Nilidhani amemaliza. Akachukua bakuli, akatia maji na kijiko cha chumvi, akachovya mkono wa kulia, akaanza kuisukuma swichi kwa kidole kinachodondosha maji. Mbele, mbele, nyuma, nyuma. Kijana atakuwa na mikono ya namna hiyo, na kidole kikavu hakiwezi kusema kama kitatambua "ta" kikiwa kimelowa na baridi. Kisha akaifuta tochi kwa kanga kuukuu, kila mkunjo.

Mvuvi alirudi baada ya Maghrib. Fundi hakumwashia. Alimwambia afumbe macho, akamwekea tochi mkononi. "Sukuma moja." Ta. "Uko wapi?" "Dimu, fundi." "Sukuma." Ta. Kijana akacheka kabla hajafumbua macho. Alilipa shilingi 2,000 na kuomba radhi kwamba ni ndogo. Fundi akamwambia samaki wakipatikana asimsahau.

Nilikwenda naye mpaka ufukweni. Ilikuwa giza kamili, la mwezi ulioandama juzi na kuchwa mapema, na vyombo vilionekana kwa umbo tu. Wenzake walikuwa wanapakia maji ya kunywa, maboya na nanga. Alinieleza kwamba macho yakizoea giza, jambo linalochukua kama nusu saa, mtu analiona hata povu kwenye mwamba, na mwanga mkali mmoja wa kizembe unawapofusha wote chomboni, waanze kusubiri upya. Akaingia majini mpaka magotini, akapanda. Nikasikia swichi, mara moja. Duara dogo la mwanga likatua juu ya mkono wake na fundo la mshipi alilokuwa analikaza, likatosha kwa kidole na uzi, halikufika kwenye uso wa mwenzake aliyekaa karibu. Fundo likakazwa. Swichi ikasikika tena, ikirudi nyuma, na chombo kikasukumwa.

Nilisimama pale mpaka sauti ya makasia ikaisha. Fulu sikuiona.